Katuruka: Kijiji cha Bukoba ambako hadithi za wazee zilifukuliwa ardhini

Kila Desemba, magari yanayoelekea Kagera hujaa. Wenyeji wa Bukoba na Muleba wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingineko hurudi kwao kusherehekea mwisho wa mwaka. Watoto hupelekwa kwa bibi, hula ndizi na senene, hupiga picha na ziwa, kisha hurudi mjini. Ukiwauliza wamejifunza nini kuhusu kwao, wengi watakutajia chakula na mvua.

Mzazi, si kosa la mtoto. Mtoto huonyeshwa kile ambacho mkubwa anakijua, na wakubwa wengi tumepita barabara ya Bukoba kwenda Muleba mara nyingi bila kujua tunapita karibu na nini. Katika vilima vile, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Na mahali palipoanzisha simulizi hiyo kwa ulimwengu ni kijiji kidogo kinachoitwa Katuruka.

Makala haya ni kwa ajili ya mzazi anayetaka kwenda huko na watoto wake, hata kwa siku moja. Na ni kwa mzazi ambaye hana nauli ya kwenda mwaka huu, lakini ana mama, baba, shangazi au babu ambaye bado anaweza kusimulia.

Kilipo

Katuruka kipo eneo la Maruku, Wilaya ya Bukoba Vijijini, kusini-magharibi mwa mji wa Bukoba. Ni safari fupi ambayo familia inaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Maruku wengi wanaifahamu kwa sababu ya kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na zao la migomba.

Nchi ya huku ina sura yake. Ziwa Victoria lipo takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukiliacha ziwa ardhi inapanda ghafla. Juu kuna migongo mirefu ya vilima iliyolala kutoka kaskazini kwenda kusini, na kati ya mgongo na mgongo kuna mabonde yenye vijito, mafunjo na matete. Vijiji vimekaa juu, na maji yapo chini. Mvua ni nyingi kiasi kwamba Bukoba ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini.

Mwonyeshe mtoto jambo moja ambalo halihitaji mtaalamu. Kijiji cha Kihaya kimezungukwa na migomba na mikahawa iliyopandwa karibu na nyumba, kwenye shamba linaloitwa ekibanja. Udongo wake ni mweusi, umelishwa kwa samadi na majani vizazi kwa vizazi. Lakini ukitoka tu nje ya ekibanja unakutana na uwanda wa nyasi, rweya, ambao haustawishi mambo mengi. Mwambie akumbuke tofauti hiyo. Tutairudia.

Mnara wa chuma wa Rugomora Mahe

Wazee wa Katuruka walikuwa na simulizi kuhusu mfalme, Omukama Rugomora Mahe, wa ukoo wa Bahinda, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17. Kikale chake, yaani makazi ya kifalme, kilikuwa hapo Katuruka.

Simulizi inasema Rugomora Mahe alitaka kujua kuna nini mbinguni. Akawakusanya wahunzi, akawaamuru wafue chuma na kujenga mnara mrefu wa kufika juu. Wakafua, wakajenga, mnara ukapanda. Lakini haukufika. Ulianguka, na wazee waliweza kutaja mahali palipohusika na mnara huo.

Mahali wahunzi walipofanyia kazi paliitwa Kaiija, maana yake ni mahali pa kufulia chuma. Hapo palikuwa na mti mkubwa ulioheshimiwa, na watu wa eneo hilo walijua kwamba mti ule si mti tu wa kivuli.

Mtoto aliyewahi kusikia habari za mnara wa Babeli atashangaa kuona simulizi inayofanana na ile. Mwache ashangae. Kisha muulize: je, hadithi kama hii ni ya kufurahisha watoto tu jioni, au kuna kitu ndani yake?

Mtafiti aliyeanza kwa kusikiliza

Swali hilo ndilo alilokuja nalo Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, aliyeanza kazi yake eneo hili mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa kawaida wanaakiolojia huanza kwa kutazama ardhi: vigae viko wapi, kuna mabaki gani. Yeye alianza na wazee. Alikaa nao, akarekodi simulizi za koo, za wafalme na za mahali, kisha akawaomba wamwonyeshe kwa mguu kila mahali kilichotajwa.

Wakamwonyesha Kaiija. Alipochimba hapo, alikuta mabaki ya kazi ya chuma: mashimo ya kufulia, makaa, vipande vya chuma na vigae vya vyungu.

Ajabu yenyewe ilikuwa katika umri wa vitu hivyo. Rugomora Mahe aliishi miaka 300 na ushee iliyopita, lakini baadhi ya mabaki yalikuwa ya zamani zaidi, ya Zama za Chuma za Mwanzo. Vipimo vya kwanza vya makaa vilirudisha nyuma hadi karne kadhaa kabla ya Kristo. Wataalamu wamebishana kuhusu vipimo hivyo vya zamani kabisa, na mjadala wa namna hiyo ni kawaida katika kazi ya akiolojia. Lakini kwamba watu wa eneo hili walikuwa na chuma mapema sana katika historia ya Afrika Mashariki, hilo halina ubishi.

Vigae vilivyopatikana ni vya aina inayoitwa Urewe, jina lililotokana na mahali magharibi mwa Kenya. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana pia Rwanda, Burundi, Uganda na upande wa mashariki wa Kongo. Baadhi vina kibonyo kidogo chini, kama vile mfinyanzi alibonyeza kidole kwenye udongo mbichi. Kwa mtoto, kibonyo hicho kinaeleza zaidi ya tarehe kumi: mtu kama wewe, mwenye kidole kama chako, alikitengeneza.

Kwa hiyo hadithi ya mnara ilibeba nini? Haikubeba picha ya mnara halisi uliogusa mawingu. Ilibeba kumbukumbu ya mahali. Watu walisahau majina ya wahunzi wa kwanza, lakini hawakusahau kwamba pale ni pa chuma, wakaendelea kupaheshimu. Na mfalme aliyekuja baadaye alijenga kikale chake karibu na mahali ambapo tayari palikuwa na heshima. Nani asingependa nguvu zake zishikamane na jambo la kale?

Wazee waliokumbuka kazi ya mikono

Sehemu ya pili ya simulizi hii haikuhusu kuchimba. Katika miaka ya 1970 walikuwapo bado wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma walipokuwa vijana. Kazi hiyo ilikuwa imekufa kwa sababu chuma cha viwandani kutoka Ulaya kilikuwa rahisi. Kwa nini mtu ahangaike siku nyingi na tanuru wakati jembe linauzwa dukani?

Mwaka 1976 wazee hao walikubali kuifanya tena kazi ile mbele ya Schmidt. Walijenga tanuru, na majaribio ya mwanzo hayakwenda vizuri, kwa kuwa miaka mingi ilikuwa imepita. Wakajadiliana, wakarekebisha, wakarudia, hadi wakapata chuma.

Walifanyaje? Hii ni sehemu ambayo watoto huipenda, hasa wale wanaosoma kemia.

Walichimba shimo, wakalipaka tope la kichuguu. Udongo wa kichuguu haupasuki ovyo kwenye moto mkali. Wakaleta matete kutoka bondeni, wakayachoma ndani ya shimo mpaka likajaa makaa mepesi ya matete. Juu yake wakajenga tanuru kama bomba nene, wakitumia tope la kichuguu na vipande vya mavi ya chuma vya zamani. Ndiyo, jina lake ni hilo hilo, mavi ya chuma, ule uchafu unaoganda chuma kinapoyeyushwa. Waache watoto wacheke kwanza, halafu waeleze.

Kisha wakaingiza mirija ya udongo mpaka ndani ya tanuru, na nje ya kila mrija wakaweka mivukuto iliyofunikwa ngozi. Watu wakavukuta kwa zamu, kwa saa nyingi, wakiongeza mkaa na mawe yenye chuma kutoka juu. Mwisho walipata donge la chuma ambalo mhunzi alilipasha tena na kulifua.

Zipo pia taratibu za heshima zilizoambatana na kazi. Tanuru lilichukuliwa kama mwanamke anayebeba mimba na kuzaa. Chuma kilikuwa mtoto wake. Wahunzi walijitenga na nyumba zao wakati wa kuyeyusha, na kulikuwa na miiko. Kwa watoto wakubwa, hili ni jambo zuri la kuzungumza: mababu hawakutenganisha ufundi na uhai.

Schmidt na Donald Avery, mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Brown, waliandika matokeo katika jarida la Science mwezi Septemba 1978, na jarida la Time likaipeleka habari hiyo kwa wasomaji wa kawaida mwezi huohuo.

Mitandaoni na kwenye ukweli

Hapa mzazi anahitaji kuwa makini. Ukitafuta habari hii kwenye simu utakutana na maneno makubwa: kwamba Wahaya walitengeneza chuma cha pua miaka 2,000 kabla ya Ulaya, kwamba waligundua kila kitu, kwamba historia imefichwa.

Kilichoandikwa na watafiti ni hiki: chuma kilichotoka kwenye matanuru yale kilikuwa na kaboni ya kutosha kuhesabiwa kuwa chuma cha pua, na Schmidt na Avery walisema hewa iliyopita kwenye mirija iliyo ndani ya tanuru ilipata joto kabla ya kufika kwenye moto, jambo lililoongeza ukali wa moto. Wataalamu wengine wa metali waliipinga hoja hiyo ya hewa kupashwa joto, na wakahoji kama ilileta tofauti kubwa kiasi hicho. Mjadala uliendelea kwa miaka.

Mtoto wako hahitaji chumvi ya mitandaoni ili ajivunie. Inatosha kujua kwamba katika vilima hivi watu walijua ni udongo gani unastahimili moto, ni mkaa gani unafaa, ni jiwe lipi lina chuma, na kwamba ujuzi huo ulirithishwa mdomo kwa mdomo na mkono kwa mkono hadi kwa wazee walioishi katika karne ya 20. Ukimzoesha mtoto kusema "hili limethibitishwa, na hili bado linabishaniwa", umempa kitu atakachokitumia shuleni na maishani.

Shuka bondeni, ufuate maji

Ziara ya Katuruka isiishie juu. Matete yaliyochomwa ndani ya tanuru yalitoka bondeni, na bila bonde hadithi ya chuma haikamiliki.

Tembeeni na mwenyeji hadi mteremko wa kijito. Njia hupita chini ya migomba, kisha kwenye nyasi, kisha kwenye unyevunyevu ambako viatu huanza kuzama. Hapo kuna matete, mafunjo, ndege na sauti ya vyura. Ni mahali pa kukaa na kula mlichobeba.

Mpe mtoto fumbo: ziwa liko karibu, upande wa mashariki. Je, maji ya vilima hivi yote yanashuka moja kwa moja ziwani? Jibu ni hapana. Maji ya mabonde ya ndani hukusanywa na Mto Ngono, ambao huelekea kaskazini, ukiwa umepana na kujaa matete, hadi kuungana na Mto Kagera upande wa Kyaka. Kagera nao, uliotokea mbali kwenye makutano ya Ruvubu na Nyabarongo karibu na Maporomoko ya Rusumo, unapinda kuelekea mashariki na kuingia Ziwa Victoria ndani ya Uganda, kaskazini kidogo ya mpaka. Tone lililonyesha kilomita chache kutoka ziwani linazunguka safari ndefu kabla ya kulifikia. Na kutoka ziwani linaweza kutoka tena kwa njia ya Nile mpaka Misri.

Mkipata siku ya pili, nendeni mkauone Mto Kagera pale Kyaka. Hapo mtoto wa sekondari atakumbuka somo la historia: ndilo daraja lililobomolewa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, mwaka uleule ambao habari za chuma cha Wahaya zilisomwa duniani. Vita ilifunika habari nyingine zote za Kagera kwa muda mrefu.

Sasa turudi kwenye ule uwanda wa nyasi. Matanuru yalikula mkaa mwingi. Makaa ya kale yaliyochunguzwa na watafiti yanaonyesha kwamba mwanzoni wahunzi walitumia miti ya msituni, na kadiri karne zilivyopita msitu ulipungua. Ufundi uliowapa jembe na mkuki uliwagharimu miti. Ni somo ambalo mtoto wa leo, anayeona magunia ya mkaa kando ya barabara, hataambiwa mara mbili.

Kizazi kilichokatika

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani hii ni habari ya mambo ya zamani yaliyokwisha. Sivyo.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kuripotiwa Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu mno Bukoba na Muleba. Walikufa watu wazima waliokuwa na nguvu, baba na mama wa watoto wadogo, na bibi na babu wakarudi kulea upya. Nyumba nyingi zilibaki na wazee na wajukuu, bila mtu wa katikati.

Tumezoea kuzungumzia msiba huo kwa idadi ya yatima. Upo upande mwingine ambao hausemwi sana. Simulizi za koo, majina ya mahali, maana ya mti fulani, mipaka ya ukoo, ufundi, vyote hivyo hupita kutoka kwa mzee kwenda kwa mtu mzima, na mtu mzima ndiye humsimulia mtoto. Wa katikati alipoondoka, mnyororo ulikatika. Bibi aliyekuwa analea wajukuu watano kwa jembe moja hakuwa na jioni za kusimulia habari za Rugomora Mahe.

Schmidt aliporudi Katuruka miaka mingi baadaye, wengi wa wazee waliomfundisha walikuwa wamekwisha kufariki. Lakini alikuta jambo jingine: wanakijiji wenyewe walikuwa wameanza kuhofia upotevu huo. Kuanzia mwaka 2008 walishirikiana naye kukusanya simulizi zilizobaki, kutunza maeneo ya kale na kuandaa mahali pa kupokea wageni. Kumbukumbu alizorekodi karibu miaka 40 kabla zikawa na thamani kwa wajukuu wa waliosimulia. Katika kazi hiyo wanawake wazee walionekana kuwa na mengi ambayo hapo awali hayakuulizwa, kwa kuwa watafiti walizoea kuwahoji wanaume.

Fikiria jambo hilo. Wazazi wengi wa Kagera wenye umri wa miaka 40 hivi leo, wanaosoma makala haya kwenye simu, ndio wale wajukuu waliolelewa na bibi. Ikiwa wewe ni mmoja wao, huna sababu ya kuona aibu kwamba mtoto anakuuliza jambo la kwenu na wewe hulijui. Hukuambiwa kwa sababu aliyepaswa kukuambia hakuwapo. Lakini mtoto wako bado anaweza kuambiwa, na nyote wawili mnaweza kusikiliza pamoja.

Mkiendelea Muleba

Familia yenye gari inaweza kuunganisha safari. Kutoka Bukoba kuelekea kusini mtapita Kemondo, bandari iliyo kando ya ziwa. Eneo hilo nalo lina nafasi yake: Schmidt na wenzake walichimba hapo mabaki ya matanuru ya Zama za Chuma, na baadhi yalikuwa na mashimo madogo chini ya tanuru ambayo watafiti waliyahusisha na dawa zilizowekwa ili kazi ifanikiwe.

Mbele ya Muhutwe barabara inagawanyika, na njia ya kulia inapanda kwenda Kamachumu, Wilaya ya Muleba. Hapo juu pana uwanda wa juu wenye hewa baridi, mikahawa mingi na miteremko mikali inayotazama ziwa na visiwa. Ndani ya jina Kamachumu linasikika neno la Kihaya amachumu, yaani mikuki. Waulize wenyeji jina lilitoka wapi, na msishangae mkipewa majibu mawili au matatu. Kutoka Kamachumu mnaweza kushuka hadi Muleba mjini na kurudi Bukoba kwa barabara kuu.

Wanaopenda michoro ya mawe wanaweza kuuliza habari za Bwanjai, Wilaya ya Missenyi, ambako kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu kwenye miamba. Ilielezwa kwa maandishi tangu miaka ya 1930, na haijulikani sana ikilinganishwa na ile ya Kondoa iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Mambo ya kuzingatia

*Wakati.* Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenye mvua kidogo. Desemba njia za udongo huteleza, hivyo bebeni makoti ya mvua na viatu vinavyofungwa. Novemba na Desemba ni majira ya senene.

*Usafiri.* Mkitoka Mwanza mnaweza kuja kwa basi, ndege au meli. MV Victoria Hapa Kazi Tu ilirejea majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Ulizeni ratiba kabla ya safari.

*Mwenyeji.* Msifike kimyakimya. Toeni taarifa mapema, mpitie uongozi wa kijiji, na mtafute mwenyeji wa kuwaongoza. Maeneo mengi ya kale yamo katikati ya mashamba na makazi ya watu. Ada au zawadi itakayotajwa ilipwe kwa heshima na iombewe risiti, kwa kuwa ndiyo inayofanya watu waendelee kutunza.

*Salamu.* Mfundishe mtoto kuwasalimu wazee kwa shikamoo, na kama anaweza, aongeze neno waitu, linaloonyesha heshima kwa Kihaya. Neno hilo moja hufungua milango mingi.

*Imani.* Baadhi ya mahali pa kale ni pa matambiko. Mzazi Mkristo au Mwislamu asiwe na hofu. Kutazama na kusikiliza si kuabudu. Ila msidhihaki, msikanyage panapokatazwa, na muombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

*Msiokote.* Kigae au kipande cha mavi ya chuma kina maana kikiwa pale kilipo. Mabaki ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Piga picha, acha kitu mahali pake.

*Maji.* Watoto wasioge kwenye vijito na mabwawa yenye majani, kwa sababu ya kichocho. Kando ya Mto Kagera msikaribie ukingo, kuna mamba na viboko.

Maswali ya kumuuliza bibi

Kabla ya safari, au badala yake, mpe mtoto daftari na maswali haya amuulize mzee wa nyumbani. Simu iwekwe kurekodi sauti, kwa ruhusa ya mzee.

Jina la kijiji chetu lina maana gani? Ni mti gani hapa haukatwi, na kwa nini? Nani alikuwa mhunzi maarufu ulipokuwa mdogo, na jembe na omuhoro vilitoka wapi? Chemchemi ya kwanza kuteka maji ilikuwa ipi? Ni hadithi gani bibi yako alikusimulia ambayo hujamsimulia mtu?

Msibishane na mzee anayesimulia jambo lisilowezekana. Mnara wa kufika mbinguni nao hauwezekani, lakini ndio uliowaongoza watafiti hadi kwenye makaa ya wahunzi. Andikeni kama alivyosema, na tarehe, na jina lake. Hifadhini rekodi mahali pawili, na mmoja katika ukoo apewe nakala.

Mawe ya Katuruka yatakuwepo mwakani, na mito itaendelea kushuka. Mzee mwenye miaka 85 hatusubiri. Ukipanga kuanza na kimoja, anza na yeye.